Kiwango cha Kuchemka na Mteremko wa Mvuke

Mnamo Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu katika kaunti kadhaa za Kenya, Kitui na Makueni zikiwemo. Wapo wanaodai kwamba sumu hii, ikichemka kwa nyuzi 65 na ethanoli kwa 78, huondoka matone ya kwanza ya unerekaji yakimwagwa. Dai hilo ni potofu. Tukadirie mteremko: sehemu ya dutu mvukeni, igawanywe kwa sehemu yake majini. Katika kila molekuli 100 za kimiminika, 6 za methanoli huwa takriban 30 mvukeni. 7 za ethanoli huwa 39. Miteremko yote miwili (nasi wanafasihi tusiikwepe hesabu hii) huwa kati ya 5 na 6. Hivyo hutoka pamoja. Kuzitenganisha kwahitaji mnara wenye sahani nyingi, si pipa na mrija.