Shimo la Padre Clavius Mwezini



Likizo iliyopita nikiwa Mollo, tulipotoka jumuiya, kijana mmoja aliyekuwa akisubiri kidato cha tano aliniuliza: "Frateri, nikisoma PCM, imani yangu haitapotea?" Mwezi ulikuwa umeshapanda. Nikamwonyesha upande wake wa kusini, nikamsimulia habari hii.

Huko kuna kreta, yaani shimo lililochimbwa na jiwe kubwa kutoka angani. Upana wake unapita kilomita 220, karibu sawa na safari ya Sumbawanga hadi Tunduma! Linaitwa Clavius. Jina hilo lilitolewa mwaka 1651 na Padre Giovanni Battista Riccioli, Mjesuiti, kwa heshima ya Mjesuiti mwenzake, Padre Christoph Clavius (1538–1612). Huyu ndiye mwanahisabati aliyesaidia kutengeneza kalenda ya Papa Gregori wa 13 ya mwaka 1582, ambayo hadi leo tunaitumia kupanga Pasaka.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1611 Kardinali Roberto Bellarmino, ambaye leo ni Mtakatifu, aliwauliza wanahisabati wa Chuo cha Roma kama mambo aliyoyaona Galileo kwa darubini ni ya kweli. Clavius, mzee wa miaka zaidi ya 70, alikuwa na mashaka mwanzoni, lakini alitazama mwenyewe. Walikubali mengi. Kuhusu mwezi, Clavius aliona kwamba huenda uso wake hauna mabonde wala milima. Wenzake walifikiri tofauti, na katika jibu lao waliandika maoni yote mawili bila kuficha.

Yaani mzee aliyetilia shaka mashimo ya mwezi, leo shimo kubwa la mwezi lina jina lake! Alikosea, lakini hakukataa kutazama.

Mimi nimesoma falsafa. Najua ilivyo rahisi kutetea hoja yako hadi unasahau kuutafuta ukweli. Ndugu zangu, anayeiogopa darubini anadhani Mungu atajificha humo. Aliyeumba mwezi haogopi tuuchunguze.

Yule kijana nilimwambia: "Nenda kasome, ila usiache Misa."

Jiulize: Ni swali gani unaliogopa kwa sababu ya imani yako? Soma Zaburi ya 8 usiku, ukiwa nje.

Tusali: Ee Bwana, utupe macho ya kutazama na unyenyekevu wa kukiri tulipokosea. Amina.