Uso Ukipooza Upande Mmoja: Ni Lini Kipimo cha Picha Kinahitajika?

Neva ya saba ya kichwa, iitwayo neva ya uso, ndiyo inayotuwezesha kutabasamu, kufumba macho na kukunja kipaji. Huanzia kwenye shina la ubongo, hupita katika mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa sikio, kisha hutawanyika usoni. Ikidhurika popote njiani, upande mmoja wa uso hulegea.

Uso ukilegea ghafla, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja. Huenda ni kiharusi, hasa mkono au mguu ukidhoofika au maneno yakimkwama. Kiharusi kikishukiwa, picha ya ubongo ni ya lazima, tena kwa haraka.

Daktari akishajiridhisha kwamba si kiharusi, sababu inayoonekana mara nyingi ni kupooza kwa Bell. Hali hii hutambuliwa kwa mahojiano na uchunguzi wa mwili. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2013 unashauri kwamba wagonjwa hawa wasipigwe picha kwa mazoea. Wengi wao hupona. Tiba yenye manufaa ni vidonge vya steroidi vinavyoanzwa ndani ya saa 72, pamoja na kulilinda jicho lisilofumba. Kwa hiyo, anayezitumia siku hizo kutafuta fedha za kipimo asichokihitaji huweza kuikosa tiba kwa wakati wake.

Picha huhitajika iwapo:
(a) uso umelegea polepole, kwa wiki kadhaa;
(b) miezi 3 imepita na uso haujarudia hali yake;
(c) kupooza kunajirudia upande uleule;
(d) usikivu umepungua, au pana uvimbe mbele ya sikio;
(e) mgonjwa aliumia kichwa.

Kipimo cha CT hutumia mionzi ya eksirei, nacho huonyesha vizuri mfupa uliovunjika. MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, bila eksirei, nayo huonyesha vizuri zaidi neva yenyewe na uvimbe unaoibana.

Kabla ya kulipa, tunakushauri uulize:
1. Majibu ya picha hii yatabadili nini katika matibabu yangu?
2. Kwa nini kimechaguliwa kipimo hiki na si kingine?
3. Je, nitadungwa dawa ya kung'arisha picha?

Mweleze mtaalamu iwapo una ujauzito, ugonjwa wa figo, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kipandikizi cha sikio, au kipande cha chuma mwilini, hususan jichoni. Baada ya kipimo, omba nakala ya picha na ripoti yake na uzihifadhi, usije ukalipia mara ya pili kipimo ulichokwisha kufanyiwa.

Daktari mwenye sababu ya kuagiza kipimo hashindwi kuieleza. Nawe, mtumiaji wa huduma, una haki ya kuisikia kabla ya kutoa fedha yako.