Meru Si Zoezi: Ya Kufanya na ya Kutofanya katika Hifadhi ya Arusha

Wapandaji wengi huja Mlima Meru kunyoosha miguu kabla ya kwenda Kilimanjaro. Dharau hiyo ndiyo mama wa makosa yote. Meru una mita 4,566, na njia yake ya chini ni njia ya nyati, twiga na tembo. Wewe ndiye mpita njia. Basi shika haya.

FANYA

Tembea nyuma ya askari wa hifadhi. Kutoka lango la Momella hadi kileleni, hupandi bila yeye. Akisimama, simama. Akinyamaza, nyamaza. Bunduki yake si pambo la picha zako. Nyati aliyelala kichakani amekusikia kabla hujamwona.

Panda polepole. Lango liko mita 1,500, vibanda vya Miriakamba mita 2,514, vya Saddle mita 3,570. Ukifika Saddle ungali na nguvu, panda Little Meru, mita 3,820, kisha urudi ulale chini. Hivyo ndivyo mwili unavyozoea hewa nyepesi. Kichwa kikikugonga na ukianza kutapika, sema papo hapo na ushuke. Anayejikaza huishia kubebwa na wenzake.

Vaa nguo za baridi na uwe na tochi ya kichwani. Safari ya kilele huanza usiku wa manane, na baada ya mahali paitwapo Rhino Point unafuata ukingo wa mlima uliomeguka upande wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Ukiteleza hapo, hapana mahali pa kushikilia.

Chukua darubini. Maziwa ya Momella yana maji ya magadi, na kila moja lina rangi yake kwa kuwa madini na mwani wake si sawa na wa jirani. Heroe huufuata mwani huo. Watazame kwa mbali. Ukiwakaribia wataruka, nawe utakuwa umewanyima chakula ili upate picha.

USIFANYE

Usishuke ndani ya kasoko ya Ngurdoto. Ukingo ndio mwisho wako. Malisho na vinamasi vya chini vimeachiwa wanyama wakae bila watu. Usibembeleze, wala usimpe mtu chochote ili akuruhusu.

Usimlishe nyani wala tumbili. Aliyeonja ndizi ya mgeni kesho atampora mgeni mwingine, na siku atakapouawa kwa uporaji, wewe utakuwa nyumbani kwako. Mbega mweupe naye mwache juu ya mti: tumbo lake ni la majani, halina kazi na mkate wako.

Usitoke garini pasiporuhusiwa. Eti huku hakuna simba! Chui yupo, fisi yupo, na nyati dume aliye peke yake hahitaji msaada wa simba.

Usiache taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo iache hata kabla ya lango. Chupa, karatasi na maganda ya ndizi vilipanda nawe, vishuke nawe.

Usichukue kitu. Ua, fupa, unyoya, jiwe: vyote vina kazi pale vilipo. Droni pia usiirushe bila kibali.

Usimrundikie mpagazi mzigo. Kabla hujaufunga mfuko wako, unyanyue mwenyewe. Ukikushinda, punguza. Anapanda mlima uleule unaokutoa jasho wewe.

Ukiona masharti haya ni mazito, kaa Arusha mjini. Siku isiyo na mawingu mlima unaonekana vizuri kutoka huko, nawe hutamdhuru mtu wala mnyama.