KILA ENEO NA ZAMU YAKE YA MAJI

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Lakini je, msomaji mpenzi, haba hizo zikigawanywa ovyo, kibaba kitajaa kweli?

Muhula wa pili mwaka jana, shamba la shule yetu lilikuwa na nyanya ndani ya kivungulio na sukumawiki nje, zote zikinyweshwa kwa mipira ya matone kutoka tangi moja. Zamu ilikuwa yangu. Kwa kuhofia kengele ya gwaride, nilifungua bilula zote mbili pamoja ili nimalize haraka. Nikafanya hivyo wiki nzima. Kumbe! Nyanya za karibu na tangi zilikaa kwenye tope hadi mizizi ikaoza. Zile za mwisho zikanyauka kwa kiu. Tulipoteza mistari miwili, na mauzo yake yalikuwa ya kununulia chama chetu kamusi. Niliona haya, wacha tu. Basi tujifunze ili yasikupate.

1. Pima nguvu ya bomba. Ndoo yetu ya lita 20 ilijaa kwa dakika 4. Kwa hivyo bomba hutoa lita 300 kwa saa.

2. Hesabu matundu. Tundu letu moja hutoa lita 1 kwa saa. Nyanya zina mistari 6 yenye matundu 50 kila mmoja, yaani lita 300 kwa saa. Sukumawiki zina mistari 4, yaani lita 200. Zikifunguliwa pamoja zinadai lita 500, na bomba lina 300 tu! Kanuni ni hii: maeneo yanayofunguliwa pamoja yasidai kuliko bomba liwezalo kutoa.

3. Tafuta dakika. Tulikadiria lita 1.5 kwa siku kwa kila mnyanya uliozaa. Minyanya 150 inahitaji lita 225. Gawa kwa 300, utapata dakika 45. Sukumawiki 100, kila mmoja lita 1, ni lita 100. Gawa kwa 200, utapata dakika 30.

4. Panga saa. Nyanya hunywa saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na robo asubuhi, kisha sukumawiki hadi saa moja na dakika 45. Asubuhi jua halijawa kali, hivyo maji mengi hayapotei hewani. Ukinywesha jioni, unyevu hulala kivunguloni na kualika ukungu. Udongo wa kichanga haushiki maji. Gawa dakika zake mara mbili kwa siku.

5. Hakikisha. Weka mkebe chini ya tundu la kwanza na la mwisho kwa dakika 10. Maji yakitofautiana sana, safisha chujio na uzibue matundu.

Hata mashamba makubwa ya maua ya Naivasha hugawa vivungulio vyao kwa maeneo. Tofauti ni kwamba huko mitambo ndiyo hufungua na kufunga.

Zoezi: Pilipili hoho 100 zahitaji lita 1.2 kila moja, na zina matundu 200. Zinyweshwe dakika ngapi? Je, zaweza kufunguliwa pamoja na sukumawiki?

Jibu: Dakika 36. Haziwezi, kwa kuwa 200 na 200 ni 400. Haraka yangu ilinifunza: mwenye pupa hadiriki kula tamu.