Kabla Hujauza Fauntini ya Chokoleti, Iwashe Kwanza Jikoni Kwako

Leo naongelea bidhaa moja tu: fauntini ya chokoleti, ile mashine ndogo yenye ngazi tatu ambayo chokoleti inapanda katikati na kumwagika pembeni kama maporomoko. Ukiposti video yake simu hailali. Mimi nimeiuza karibu miaka miwili sasa, na hakuna chombo cha jikoni kilichowahi kuniletea oda haraka kama hiki. Ila ndicho pia kilichonitia hasara ya kijinga.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa mashine 6. Nilizichukua Kariakoo kwa 58,000 kila moja, nikauza 85,000. Sikuwasha hata moja. Nilidaka video mtandaoni, nikaweka maneno matamu chini yake, zikaisha ndani ya wiki mbili. Nikajiona bosi.

Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Tabata. Nyuma nasikia watoto wanapiga kelele, ni besidei ya binti yake. "Dada, umeniuzia kitu gani hiki? Chokoleti haipandi, inatoka mabonge, wageni wananiangalia." Nikamjibu aangalie plagi vizuri. Jamani! Plagi haikuwa na shida yoyote. Yule mama alihitaji mtu wa kumwambia afanye nini ndani ya dakika kumi, na mimi niliyekula hela yake sikuwa najua. Usiku akaweka picha ya ile mashine kwenye status, na wateja wangu wawili ni majirani zake. Jumatatu nikamrudishia 85,000 yake. Mashine ilirudi, lakini nani ananunua kama mpya kitu chenye chokoleti kavu mpaka ndani ya bomba? Faida ya mashine tatu ikaondoka hivyo, boda ya kwenda na kurudi sijahesabu.

Nikaiosha, nikanunua chokoleti kilo moja kwa 32,000, nikakaa nayo jikoni siku nzima. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Shida ilikuwa chokoleti.

Ukiielewa mashine hii inavyofanya kazi, utaweza kumsaidia mteja hata kwa simu. Katikati kuna bomba, na ndani ya bomba kuna kitu kama skrubu kubwa. Mota ikizungusha, skrubu inainua chokoleti kutoka kwenye bakuli la chini hadi juu, halafu inashuka yenyewe kwa uzito wake. Hakuna pampu yenye nguvu hapo. Kwa hiyo chokoleti ikiwa nzito, skrubu inazunguka bure au inatoa mabonge. Na ile hita ya chini kazi yake ni kutunza joto tu. Mtu akivunjavunja chokoleti ngumu akaitupia humo akitegemea itayeyuka yenyewe, atasubiri mpaka keki ikatwe.

Chokoleti ya kutiririka vizuri ni ile yenye mafuta mengi ya kakao. Ipo inayoitwa kuvecha, watengeneza keki wanaijua, yenye mafuta ya kakao angalau asilimia 31. Hiyo mara nyingi inateremka bila kuongezwa kitu au kwa mafuta kidogo tu. Ni ghali, na si kila duka inayo. Chokoleti za kawaida za dukani lazima uongeze mafuta ya kula yasiyo na harufu. Mimi natumia ya alizeti. Kwa kilo moja naanza na robo kikombe, nakoroga, napima, naongeza kidogo kidogo mpaka kama nusu kikombe. Kipimo changu ni kijiko: chota, inua, mwaga. Ikishuka kama uzi usiokatika, weka kwenye mashine. Ikidondoka matone au mabonge, bado.

Sasa, yule mama alifanya nini? Nilimuuliza baadaye, hasira zilipopoa. Aliona chokoleti nzito, akaongeza maziwa ya baridi kidogo ili iwe nyepesi. Hapo ndipo alipoiua. Maji kidogo yakiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, inakamata papo hapo, inakuwa punje punje kama ugali uliokosea. Maziwa ni maji pia. Hata bakuli lililooshwa likabaki na unyevu, au nanasi linalochuruzika, linaweza kuleta balaa hilo. Kwa hiyo matunda yakaushwe kwa tishu kabla ya kuchomekwa kwenye vijiti. Ndizi, stroberi, vipande vya keki na biskuti havina matatizo ilimradi ni vikavu. Kitu chenye chengachenga nyingi kinaacha uchafu unaoziba skrubu.

Kuyeyusha ni kwa moto mdogo. Bakuli kavu juu ya sufuria yenye maji ya moto, maji yasiliguse bakuli, na mvuke usiingie ndani. Kama mteja ana maikrowevu, sekunde 30 kisha akoroge, sekunde 30 tena akoroge, hivyo hivyo. Nyuzi joto 40 hadi 45 zinatosha. Nyeupe inaungua haraka kuliko nyeusi, iangalie sana. Mashine nayo iwashwe hita tupu dakika 5 kabla ya kumwaga chokoleti, la sivyo chokoleti inagusa chuma cha baridi na kuanza kuganda.

Na chokoleti iwe ya kutosha! Mashine nyingi za nyumbani zinataka kati ya nusu kilo na kilo moja ndipo pazia lizunguke pande zote. Mteja akiweka pakiti mbili ndogo, ataona vijistari vitatu vinachuruzika upande mmoja. Upande mmoja tu ukikauka wakati chokoleti ipo ya kutosha, meza imeinama. Akaze au alegeze miguu ya mashine mpaka ikae sawa. Kama ikitoa chokoleti kwa kukatakata, kuna hewa ndani ya bomba: azime mota nusu dakika chokoleti ishuke, awashe tena. Hili la hewa peke yake limeniokolea oda nyingi za kurudishwa.

Jambo lingine la kuangalia ni feni. Sisi wa Dar bila pangaboi sherehe haiendi. Lakini upepo unalipiga lile pazia la chokoleti, unalipoza, na unarusha matone hadi kwenye gauni la bibi harusi mtarajiwa. Mashine ikae kona isiyopigwa na upepo, juu ya kitambaa cha plastiki. Nje kwenye bustani siishauri kabisa. Upepo, vumbi, inzi, na nyuki wakisikia harufu ya sukari hawaaliki wenzao, wanakuja nao.

Nirudi kwetu sisi wauzaji, kwenye kuchagua mzigo. Mashine mbili nilizowahi kuletewa na ndugu kutoka Marekani zilinifunza kusoma kibandiko cha chini. Zilikuwa za volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Fundi akabadilisha plagi, nikaamini imeisha. Nilipowasha ya kwanza, ndani ya dakika mbili jikoni kulikuwa na moshi. Plagi haibadilishi volti, na hita ya volti 120 ukiipa 230 inatoa joto karibu mara nne ya lililokusudiwa. Bahati yangu niliiwashia nyumbani. Fikiria ingekuwa kwenye meza iliyozungukwa na watoto. Kama kibandiko hakisemi 220 hadi 240, usinunue hata kama bei inakuita. Transfoma ya kushusha umeme itakula faida yote.

Kingine ninachoangalia ni swichi. Nzuri ina sehemu ya joto peke yake na sehemu ya joto pamoja na mota. Yenye swichi moja ya kuwasha kila kitu inasumbua wakati wa kupasha. Naangalia pia skrubu na ngazi zinatoka zote ili zioshwe, na bomba likisimama halitikisiki. Skrubu ya plastiki si mbaya, nyingi ni hivyo, ila iangalie isiwe na ncha zilizovunjika. Kisha naiwasha tupu sekunde chache kusikiliza mlio. Kuvuma ni kawaida. Ikikwaruza, sichukui.

Siku hizi simuuzii mtu kabla sijamuuliza maswali matatu: wageni wangapi, chokoleti utanunua wapi, na sherehe ni ndani au nje. Akisema wageni 80, namwambia ukweli kwamba hii ya nyumbani haitafaa, ni ya watu 15 hadi 25 hivi. Nimepoteza oda kadhaa kwa kusema hivyo na sijutii. Na chini ya kila posti naandika hivi, ruksa kunakili:

"Bei ni ya mashine tu, chokoleti ni juu yako. Andaa kilo moja na mafuta ya alizeti. Usiweke maji wala maziwa. Ijaribu siku moja kabla ya sherehe. Umeme volti 220 hadi 240. Siku ya sherehe nipo kwenye simu mpaka saa mbili usiku."

Mstari wa kujaribu siku moja kabla ndio muhimu kuliko yote, kwa sababu tatizo likijitokeza Ijumaa mnalitatua kwa utulivu. Likijitokeza Jumamosi jioni mbele ya wageni, hata ukiwa na haki umeshashindwa. Nimeanza pia kuuza chokoleti pamoja na mashine, kilo moja niliyoijaribu mwenyewe na chupa ndogo ya mafuta yaliyopimwa. Faida yake ni ndogo, ila tangu nianze sijarudishiwa mashine.

Ile iliyorudi kutoka Tabata sikuiuza. Naikodisha, 25,000 kwa siku, na dhamana ya 40,000. Kabla ya kumkabidhi mtu namwonyesha jinsi ya kusafisha: chokoleti ikiwa bado vuguvugu afute kwa tishu atupe kwenye taka, asimwage kwenye sinki maana itaganda kwenye bomba la maji taka. Ngazi na skrubu zioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Kitako chenye umeme kifutwe kwa kitambaa tu, kisizamishwe kwenye maji. Ikirudi chafu nakata 10,000 kwenye dhamana. Hadi sasa nimekata mara nne, na mmoja wao ni shemeji yangu.