Uko Ruangwa, faili ziko chuoni: vidokezo 7 kwa watumiaji wa Linux

Umepangiwa mafunzo kwa vitendo. Pengine unafundisha sekondari Nachingwea, pengine unafuatilia korosho na ufuta, au uko Ruangwa kwenye miamba ya madini ya kinywe. Rasimu, ramani na data zako zimebaki kwenye seva ya chuo. Linux inazifikia bila programu ya kununua, mradi ujiandae.

1. Anza kabla ya kupanda basi. Ukiwa bado na intaneti ya chuo, sakinisha vifaa vyote. Kwenye Ubuntu: `sudo apt install cifs-utils smbclient rsync`. Kisha pita ofisi ya TEHAMA uandike mambo manne: jina la seva, jina la folda, jina la kikoa (domain) na njia ya kuingilia ukiwa nje ya chuo.

2. VPN kwanza, folda baadaye. Seva za faili zinazotumia SMB, itifaki ya kushirikishana faili, hutumia mlango namba 445, na mitandao mingi huufunga kwa watu wa nje. Omba mipangilio ya VPN ya chuo. Kama ni Cisco AnyConnect, `openconnect` itakufaa; isakinishe nayo kabla ya kuondoka. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kuwa watumiaji wa VPN watoe taarifa, hivyo uliza chuoni utaratibu ukoje.

3. Tumia njia nyepesi. Fungua programu ya Faili, bonyeza Ctrl na L, andika `smb://seva/folda`. Ukipewa anwani ya Windows yenye mikwaju ya kulalia nyuma, igeuze ielekee mbele. Ukikataliwa ilhali nenosiri ni sahihi, kagua kikoa: hapo ndipo wengi hukwama.

4. Ukihitaji folda ionekane kama sehemu ya diski yako, ipachike. Tengeneza folda tupu kwa `mkdir ~/chuo`, kisha:

`sudo mount -t cifs //seva/folda ~/chuo -o username=jina,uid=$(id -u),vers=3.0`

Usiandike nenosiri ndani ya amri, kwani litabaki kwenye kumbukumbu ya terminali. Subiri uulizwe. Na usikubali kurudi kwenye toleo la kwanza la SMB: kirusi cha WannaCry kilienea Mei 2017 kupitia udhaifu wake kwenye Windows.

5. Mtandao ukiyumba, tumia rsync. SMB hupeleka na kurudisha ujumbe mwingi mdogomdogo, kwa hiyo mtandao wa mbali huifanya ijikokote. Kama chuo kinaruhusu SSH, andika `rsync -avP ripoti/ jina@seva:ripoti/`. Mawasiliano yakikatika, rudia amri ileile. Kilichokwisha kufika hakitumwi upya, na bando lako linapona. Andrew Tridgell wa Australia, aliyeanzisha Samba, programu huria ya SMB, mwaka 1992, ndiye aliyeunda rsync mwaka 1996 pamoja na Paul Mackerras.

6. Fanyia kazi kwenye diski yako. Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Seva ni kama ghala la chama cha msingi: korosho hupelekwa zikiwa tayari, hazianikwi humo. Nakili faili, hariri kwenye kompyuta yako, hifadhi, kisha irudishe. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora Tanzania nzima. Aliyekuwa na nakala mkononi aliendelea kuandika.

7. Ondoka kwa utaratibu. Kabla ya kufunika kompyuta, andika `sudo umount ~/chuo`, au bofya alama ya kutoa diski pembeni ya jina la folda. Ukikata mtandao ghafla, faili inaweza kufika nusu au programu kuganda. Baada ya kutuma, fungua faili moja au mbili kwenye seva uhakikishe zimefika nzima.

Data uliyokusanya shambani au darasani ni vigumu kuikusanya tena. Iwe na nakala mbili kila jioni: moja kwako, moja chuoni. Anza leo.