SOMO: MCHORAJI NA MCHAPAJI KATIKA BAMBA MOJA

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Nilipokuwa Goweko kwa ukaguzi, Katibu mmoja aliniuliza: "Watu wawili wakitoa jasho katika mali moja, nimwandike nani daftarini?" Nimeona nilijibu kwa mfano ulio mbali na tumbaku, yaani picha za rangi zinazochapwa kwa mabamba ya shaba.

Kazi hiyo huanza na kitu tukijuacho sana Unyamwezi: nta ya nyuki. Huchanganywa na lami na utomvu, ikapakwa juu ya bamba. Mchoraji huikwangua kwa sindano hadi shaba ionekane. Bamba likitiwa katika tindikali, huliwa pale tu palipokwanguliwa. Kisha nta huondolewa, wino hujazwa katika mifereji ile, uso hufutwa kwa kitambaa, karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu, na vyote hupitishwa kati ya magogo mawili ya chuma yabanayo.

Rangi ndiyo iletayo ugumu. Mara nyingi kila rangi huwa na bamba lake, na karatasi ileile hupita mara mbili au tatu. Ikisogea hata unene wa ukucha, nyekundu hutoka nje ya mstari. Mchoraji anajua alitakalo. Mchapaji anajua wino uwe mzito kiasi gani, na mkono wa kufuta ukome wapi. Hujaribu, hubishana, hujaribu tena, mpaka mchoraji aidhinishe karatasi moja. Hiyo ndiyo sampuli, na zote zifuatazo hulinganishwa nayo, kama tulinganishavyo madaraja ya tumbaku.

Hapa nchini picha za mabamba zilichapwa katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo miongoni mwa wasanii wake walikuwa George Lilanga na Robino Ntila. Lakini mfano wa daftari nautoa Paris. Mwaka 1890 na 1891 Mary Cassatt, mchoraji wa Kimarekani, alitengeneza huko picha kumi za rangi, kila moja karatasi 25, akisaidiwa na mchapaji aitwaye Leroy. Kwa mkono wake aliandika kwamba zimechapwa na msanii pamoja na Bwana Leroy. Angeweza kunyamaza, nani angeuliza?

Siku hizi kila karatasi hutiwa namba: 3/25 maana yake ni ya tatu kati ya 25. Kazi ikiisha bamba hukwaruzwa, asije mtu akachapa nyingine kwa siri. Natamani stakabadhi zetu zote zingekuwa hivyo.

Basi, Ndugu Katibu, andika majina mawili na fungu la kila mmoja, kabla bani halijawashwa moto. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, alinijia kijana aliyekesha msimu mzima akichochea moto wa kukaushia tumbaku, kwa ahadi ya mdomo ya theluthi. Mwenye shamba alikana. Nilipekua daftari ukurasa kwa ukurasa mbele yake. Jina lake halikuwamo.